Mipaka ya nchi, bahari na kaunti: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Mombasa

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa sekondari, kwa wazazi wao, na kwa watu wazima waliochoka kuzungushwa ofisi hadi ofisi. Tumeyajibu kwa mifano ya hapa Pwani kila ilipowezekana. Jiografia ya mipaka hufundishwa kana kwamba ni habari ya Ulaya na Amerika, ilhali mtu wa Likoni au Kisauni anaishi katikati yake kila siku.

Mpaka wa nchi ni nini hasa?

Ni pale mamlaka ya dola moja yanapokoma na ya dola nyingine yanapoanza. Wengi huwaza mstari uliochorwa juu ya ardhi, lakini mpaka umesimama wima kama ukuta: unashuka chini hadi kwenye madini na mafuta, na unapanda juu hadi angani. Ndiyo maana ndege haipiti juu ya nchi ya watu bila idhini.

Mpaka haupatikani kwa siku moja. Kwanza hukubaliwa kwa maneno ndani ya mkataba. Kisha huchorwa kwenye ramani. Halafu wapimaji huingia porini kusimika mawe ya mpaka, zile nguzo fupi za zege zenye namba. Baada ya hapo kazi haiishi, kwani vichaka vinafunika mstari na nguzo nyingine zinang'olewa, kwa hiyo lazima mtu arudi. Ugomvi mwingi wa mipaka barani Afrika hauzaliwi na mkataba wenyewe, huzaliwa na mawe ambayo hayakusimikwa au yamepotea. Umoja wa Afrika ulianzisha Mpango wa Mipaka mwaka 2007 kwa ajili ya kazi hiyo, na tarehe 7 Juni kila mwaka ni Siku ya Mipaka ya Afrika.

Mipaka ni ya aina ngapi? Mwalimu anataka tuzitaje.

Inategemea anauliza kuhusu umbo la mpaka au kuhusu umri wake.

Kwa umbo, kuna mipaka inayofuata maumbile, yaani mito, maziwa na milima, na kuna mipaka ya rula. Mpaka wa mto unavutia kwenye ramani, mfano Ruvuma kati ya Tanzania na Msumbiji, lakini mto una kingo mbili na hupenda kuhama. Je, mpaka ni ukingo upi? Au ni katikati ya maji? Au ni pale mkondo ulipo na kina zaidi? Botswana na Namibia walifikishana Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa sababu ya kisiwa kimoja cha mto Chobe, ambacho Botswana wanakiita Sedudu na Namibia wanakiita Kasikili. Mwaka 1999 Mahakama ilifuata mkondo wenye kina, na kisiwa kikawa cha Botswana. Maziwa nayo yana yake: Tanzania inasema mpaka wake na Malawi upo katikati ya Ziwa Nyasa, Malawi inasema upo ufukweni upande wa mashariki, kama ulivyoandikwa katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890.

Mpaka wa rula ni rahisi kuutambua. Misri na Sudan wametenganishwa na latitudo ya 22 Kaskazini. Sehemu ndefu ya mpaka wetu na Somalia inafuata longitudo ya 41 Mashariki, au karibu sana nayo, baada ya Uingereza kuipa Italia eneo la Jubaland mwaka 1925.

Kwa umri, vitabu hutaja aina nne. Uko mpaka uliotangulia makazi, na mfano unaotolewa sana ni latitudo ya 49 kati ya Marekani na Kanada. Hapo tunawaomba wanafunzi waulize: ulitangulia makazi ya nani? Wenyeji asilia walikuwepo karne nyingi kabla ya mstari. Uko mpaka uliofuata makazi, uliochorwa kwa kuangalia lugha au dini ya watu waliokwisha kuishi pale, kama ule wa India na Pakistan wa mwaka 1947. Uko mpaka uliolazimishwa, uliopita juu ya jamii bila kuwauliza, na huo ndio mwingi wa Afrika. Na uko mpaka uliokufa kisheria lakini alama zake bado zinaonekana, kama ukuta wa Berlin uliosimama tangu 1961 hadi 1989. Mombasa ina wa kwake wa aina hii ya mwisho, tutaufikia.

Kabla ya wageni, Mombasa iligawanywaje?

Kwa watu kabla ya mistari. Waswahili wa Mombasa walijipanga katika Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili, yaliyokuwa makundi mawili. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Washaka, Wafaza, Wabajuni na Wakatwa. Kila taifa lilikuwa na wakubwa wake, na kila kundi lilikuwa na uhusiano wa kudumu na jamii za bara jirani. Thelatha Taifa walifungamana zaidi na Wadigo na Waduruma, na Tisa Taifa na Wamijikenda wengine wa upande wa kaskazini na magharibi.

Kwa mpango huo, ukimuuliza mtu mamlaka ya mkubwa wake yanafika wapi, angekutajia watu na kaya, asingekuonyesha kigingi. Wanafunzi wakielewa jambo hili vizuri, mengine yote huwa mepesi, kwa sababu dola ya kisasa imefanya kinyume: imeshika ardhi kwanza, na mtu anakuwa chini yake kwa kusimama tu juu ya ardhi ile.

Ni kweli Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa?

Si kweli. Hadithi hii inasimuliwa hadi na watembezaji watalii, ila haina ushahidi. Mpaka unaopita hapo Kilimanjaro ulikubaliwa mwaka 1886 baina ya serikali mbili, ya Uingereza na ya Ujerumani, na huyo mjukuu, Wilhelm, hakuwa hata Kaisari wakati huo; alitawazwa mwaka 1888.

Kilichotokea ni biashara ya kawaida ya wakoloni. Mwaka 1885 mjumbe wa kampuni ya Mjerumani Karl Peters, aliyeitwa Jühlke, alishapata mikataba kwa Wachaga, ukiwemo wa Mangi (mtawala) Rindi wa Moshi. Waingereza nao waliitaka Mombasa na bandari yake, na hawakuwa tayari kuiachia. Wakagawana. Maneno ya makubaliano ukiyasoma unauona mstari ukitembea: unaanzia mlango wa mto Umba, unakwenda moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, unalizunguka upande wa mashariki na kaskazini, unavuka mto Lumi, unapita katikati ya nchi ya Wataveta na nchi ya Wachaga, unazunguka chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha unanyooka hadi ufuko wa Ziwa Victoria kwenye latitudo ya 1 Kusini. Kwa sababu ya ile sentensi ya "katikati ya Wataveta na Wachaga", Taveta iko Kenya na Moshi iko Tanzania. Baadaye mwanzo wa mstari ulisogezwa hadi Ras Jimbo, kusini kidogo ya Vanga.

Sasa tazama nani hakutajwa. Kuanzia baharini hadi Jipe, mkataba hauna neno juu ya Wadigo wala Wasegeju, ambao wapo Kwale na wapo Tanga. Mstari ulipita kati ya ndugu, na mpaka leo harusi na matanga ya watu hao yanavuka mpaka.

Kwa hiyo Mkutano wa Berlin ndio uliogawa Pwani yetu?

La. Mkutano ule, wa kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, uliweka kanuni za jinsi mataifa ya Ulaya yatakavyotambuana katika kunyakua. Mistari ya kwetu ilitoka kwenye makubaliano ya baadaye, ya mwaka 1886 na 1890. Mkataba wa mwaka 1890 ndio pia ulioipa Namibia ule ulimi mrefu wa Caprivi, kwa hiyo sisi na Wanamibia tuna karatasi moja.

Zile "maili kumi za Mwambao" ni nini?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Mwaka 1885 tume ya Uingereza, Ujerumani na Ufaransa ilipita Pwani kupima Sultani wa Zanzibar anatawala hadi wapi. Mjumbe wa Uingereza alikuwa Kitchener, yule aliyekuja kuwa jemadari mashuhuri. Makubaliano ya mwaka 1886 yakamwachia Sultani visiwa, na ukanda wa pwani kuanzia kusini ya Ruvuma hadi Kipini, kwenye mlango wa mto Tana, pamoja na miji kadhaa ya kaskazini zaidi. Upana wa ukanda ulikuwa maili kumi za baharini kutoka pale maji makuu yanapofika, yaani karibu kilomita 18 na nusu. Kumi hizo hazikutokana na mto, kabila wala soko. Ilikuwa namba iliyokubaliwa na wazungu, na ikawekwa sawa kila mahali, hata pale ambapo mamlaka ya Sultani hayakuvuka shamba la mwisho la minazi, na hata pale ambapo misafara yake ilifika mbali zaidi.

Kisha ukanda ukagawanyika kwa njia mbili tofauti, na hapa ndipo historia ya Mombasa ilipoachana na ya Tanga na Dar es Salaam. Upande wa kusini, Ujerumani ilinunua mwaka 1890 kwa marki milioni 4, na habari ikaisha. Upande wetu, Uingereza haikununua. Tarehe 14 Desemba 1895 ilitia saini na Sultani kuuendesha ukanda kwa niaba yake, kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka mbali na malipo mengine. Mamlaka ya mwisho yalibaki ya Sultani, na bendera yake nyekundu iliendelea kupepea Fort Jesus. Mwaka 1920 bara ilipofanywa koloni, Pwani haikuingizwa humo. Nchi nzima ikaitwa Koloni na Himaya ya Kenya: koloni ni bara, himaya ni ukanda huu. Mtu aliyepanda treni Mombasa kwenda Voi alitoka katika milki ya Sultani akaingia katika milki ya Mfalme wa Uingereza bila kushuka behewani.

Uhuru ulipokaribia, likazuka swali: ukanda uende wapi? Wako waliotaka Mwambao ujitawale, wako waliotaka urudi Zanzibar, na wako waliotaka Kenya moja. Sir James Robertson aliletwa kuchunguza mwaka 1961, akapendekeza uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, wakabadilishana barua, na makubaliano yakatiwa saini London.

Nilisikia Mwambao ulikodishwa kwa miaka hamsini na muda umeisha. Ni kweli?

Makubaliano ya mwaka 1963 hayana muda wa kuisha. Yanasema kwamba siku Kenya itakapopata uhuru, ukanda utakoma kuwa sehemu ya milki ya Sultani na utakuwa sehemu ya Kenya, na makubaliano ya mwaka 1895 yatakoma. Badala yake Kenya iliahidi kulinda uhuru wa kuabudu, mahakama za kadhi, mafunzo ya Kiarabu, na hati za ardhi zilizokuwepo. Mahakama za kadhi zimo katika Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170.

Tunajua swali hili lina uchungu ndani yake. Kauli ya "Pwani si Kenya" ilibebwa kwa nguvu na Mombasa Republican Council. Serikali ililipiga marufuku kundi hilo mwaka 2010, na Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo Julai 2012. Hoja ya mkataba haina miguu kisheria, lakini malalamiko ya ardhi yaliyo nyuma yake ni ya kweli, na hayafai kufukiwa pamoja na hoja hiyo.

Ukanda huo umebaki wapi leo, kama ulikufa mwaka 1963?

Uko kwenye hati za ardhi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ukanda wa Pwani: kila anayedai shamba ajitokeze, athibitishe, apewe hati ya kumiliki moja kwa moja. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Waliojua utaratibu na waliokuwa na karatasi walipata. Wamijikenda wengi, waliomiliki kwa ukoo na kwa kulima, hawakupata, na wala watu waliokuwa watumwa hawakupata.

Matokeo yake unayaona Kisauni, Likoni na Changamwe: mtu kajenga nyumba ya mawe, babu yake kazikwa hapo nyuma, lakini ardhi ni ya mwenyewe ambaye hajawahi kumwona, na kila mwezi analipa kodi ya kiwanja. Huku tunaita nyumba bila ardhi. Sheria ile ya mwaka 1908 ilifutwa mwaka 2012, lakini hati zilizotoka chini yake zinaendelea kutambuliwa. Mpaka uliokufa ndio huo: haumo kwenye ramani ya nchi, umo kwenye risiti.

Kwa nini Afrika huru haikuifuta mipaka ya mkoloni?

Kwa hofu ya vita visivyo na mwisho. Julai 1964 huko Cairo, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliazimia kuiheshimu mipaka kama ilivyokutwa siku ya uhuru. Somalia na Moroko hawakukubali, na wote wawili walikuwa na madai kwa majirani. Hata nchi mpya zilizozaliwa baadaye zilifuata mistari ya zamani: Eritrea mwaka 1993 ilirudi kwenye mipaka ya koloni la Italia. Sudan Kusini, mwaka 2011, ndiyo iliyovunja nchi iliyokuwa moja, baada ya vita virefu na kura ya maoni.

Baharini Kenya inaishia wapi?

Kwa vipande. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unaipa nchi maili 12 za baharini, kama kilomita 22, ambazo ni eneo lake karibu kama nchi kavu, isipokuwa meli za wengine zina haki ya kupita kwa amani. Hadi maili 24 nchi inaweza kukagua mambo ya forodha, uhamiaji na afya. Hadi maili 200, kama kilomita 370, ni ukanda wa kiuchumi: samaki, mafuta na gesi ni vya nchi hiyo, lakini meli ya mtu yeyote inapita. Kenya ilitangaza maili zake 200 mwaka 1979.

Upande wa Tanzania tulielewana mapema, kwa barua za mwaka 1975 na 1976, kwa kuwa Pemba iko karibu na maji yetu yanagongana, na makubaliano hayo yakapanuliwa mwaka 2009. Upande wa Somalia haikuwa hivyo. Kenya ilidai mpaka ufuate latitudo, unyooke mashariki. Somalia ilitaka mstari ulio sawa kwa umbali kutoka pwani zote mbili. Katikati palikuwa na pembetatu ya bahari ya takriban kilomita za mraba 100,000. Somalia ilifungua kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2014, na hukumu ikatoka tarehe 12 Oktoba 2021. Mahakama ilianza na mstari wa umbali sawa, ikausogeza kidogo kaskazini ili Kenya isibanwe sana, lakini sehemu kubwa ya pembetatu ilikwenda Somalia. Kenya iliikataa hukumu hiyo.

Je, hoteli inaweza kunizuia kutembea ufukweni?

Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema ardhi yote iliyo kati ya pale maji ya bahari yanapofika yakijaa na pale yanapofika yakikupwa ni ardhi ya umma, na inashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo mchanga ule unaofunikwa na maji yakijaa na kuachwa yakitoka si wa hoteli, ni wako. Tatizo la Nyali, Bamburi na Shanzu mara nyingi si mchanga bali njia ya kuufikia: vichochoro vya umma vilivyozibwa kwa ukuta au geti. Hilo likitokea, malalamiko yaende kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi na kwa kaunti, yakiambatana na namba ya kiwanja kama inajulikana.

Kenya ni shirikisho?

Hapana. Ni dola moja yenye ugatuzi. Katika shirikisho kama Nigeria, yenye majimbo 36 na eneo la mji mkuu Abuja, au kama Ethiopia, majimbo yana nguvu zaidi, yakiwemo mabunge yenye kutunga sheria pana. Tanzania ni muungano wa aina yake tangu tarehe 26 Aprili 1964, ambamo Zanzibar ina rais na baraza lake la wawakilishi.

Sisi tuliwahi kujaribu majimbo. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 iliigawa Kenya katika mikoa saba yenye mabunge yake, na Pwani ilikuwa mmoja, jambo lililopiganiwa sana na chama cha KADU cha Ronald Ngala. Halikudumu. Kufikia mwisho wa mwaka 1964 njia ya kulivunja ilikuwa imekwisha kufunguliwa, na mikoa ikabaki matawi ya Nairobi kwa zaidi ya miaka arobaini. Katiba ya mwaka 2010 ilileta kaunti 47, nazo zina haki ya kupata angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa.

Mtwapa iko Mombasa au Kilifi?

Kilifi. Mpaka ni mkono wa bahari wa Mtwapa. Ukitoka Shanzu kwa matatu, ukianza kupanda daraja uko kaunti namba 001, ukishuka upande wa pili uko 003. Nauli haibadiliki na lugha haibadiliki, ila leseni ya duka, ada ya maegesho, gari la taka na zahanati vyote vimebadilika. Mwenye genge Mtwapa akija kulalamika kwa gavana wa Mombasa amepoteza nauli.

Sababu ni kwamba kaunti zilifuata wilaya za mwaka 1992, na wilaya ya Mombasa ilikuwa mji tu na viunga vyake vya wakati huo. Mji umekua, mstari haukukua. Mombasa ndiyo kaunti ndogo kuliko zote nchini kwa eneo, kama kilomita za mraba 220, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 ndani yake. Wafanyakazi wengi wa mjini wanalala Kilifi na Kwale.

Mpaka wa kaunti unaweza kubadilishwa?

Unaweza, kwa shida. Kifungu cha 188 cha Katiba kinataka tume huru ipendekeze, kisha theluthi mbili ya wabunge wote na theluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti wakubali. Kwa hiyo mizozo huelekea kukaa muda mrefu, kama ule wa Mackinnon Road kati ya Kwale na Taita Taveta, ambao kiini chake ni nani anatoza ushuru wa barabara kuu ya Nairobi.

Gavana na kamishna wa kaunti, nani mkubwa? Niende kwa nani?

Hakuna aliye chini ya mwenzake. Ardhi ni moja, ngazi ni mbili. Ngazi ya kwanza ni ya serikali ya kaunti, mliyoichagua: gavana, bunge la kaunti na mwakilishi wadi. Ya pili ni ya serikali ya kitaifa, iliyoteuliwa: kamishna wa kaunti, naibu wake katika kaunti ndogo, chifu na naibu wa chifu, na mzee wa mtaa anayewasaidia.

Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, polisi, shule ya msingi na ya sekondari ni mambo ya ngazi ya kitaifa, hivyo anza kwa chifu au Huduma Centre. Chekechea, zahanati, soko, taka, taa za barabarani na barabara za mitaa ni za kaunti. Hospitali Kuu ya Pwani, ingawa inahudumia mkoa mzima wa zamani, iko chini ya kaunti. Bandari ni ya serikali ya kitaifa, na hilo huwaudhi watu wengi wa Mombasa. Barabara kuu pia ni za kitaifa, kwa hiyo ukitaka kulalamikia shimo, uliza kwanza barabara ni ya nani.

Kwa nini Mombasa ina wabunge sita tu?

Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita. Maeneo bunge ya nchi ni 290, na ukigawa idadi ya watu ya mwaka 2019 unapata wastani wa watu 164,000 kila moja. Katiba inaruhusu miji na sehemu zenye watu wachache kuwa juu au chini ya wastani kwa hadi asilimia 40, na kwingine asilimia 30. Mombasa ni wastani wa watu 201,000 kwa mbunge, juu lakini ndani ya kipimo. Lamu ina watu 143,920 na wabunge wawili, yaani 72,000 kwa kila mmoja, chini kabisa ya kipimo. Hiyo ni kwa sababu katika mapitio ya mwaka 2012 ilikatazwa kufuta eneo bunge lolote lililokuwepo.

Mapitio yanapaswa kufanyika kila baada ya miaka 8 hadi 12. Kikomo cha miaka 12 kilipita mwaka 2024 bila kazi kufanyika. Tunaliona hili kuwa jambo zito, kwa sababu mgao wa fedha za maendeleo ya eneo bunge unafuata mistari hiyo hiyo.

Nikivuka Lungalunga kwenda Tanga, nini hutokea?

Kituo ni cha pamoja. Unapita upande wa Kenya bila kusimama, unaingia jengo la Horohoro upande wa Tanzania, na humo unamkuta afisa wa Kenya akikugongea muhuri wa kutoka na, dirisha la jirani, afisa wa Tanzania akikugongea wa kuingia. Ukirudi, mambo yote hufanyika Lungalunga. Maana yake afisa wa Kenya anatumia sheria ya Kenya akiwa amekaa juu ya ardhi ya Tanzania, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inamruhusu. Beba pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria ya Afrika Mashariki.

Kwa nini mzigo wa Uganda unalipiwa ushuru ukiwa bado Kilindini?

Tangu mwaka 2014 Jumuiya inatumia eneo moja la forodha: mzigo unahesabiwa na kulipiwa pale unapoingia mara ya kwanza. Mamlaka ya mapato ya Uganda ina maafisa wake hapa Mombasa kwa kazi hiyo. Lori likiachiliwa, huko Malaba, mpakani na Uganda, hukaguliwa tu kwamba ni lilelile. Kwa upande wa ushuru, mpaka wa Uganda umesogea hadi bandarini kwetu.

Nitajuaje niko wadi gani? Na jirani amesogeza ua wake, hilo nalo ni la nani?

Wadi inajulikana kwa tume ya uchaguzi, IEBC, kupitia kituo unachopigia kura, au kwa chifu. Mombasa ina wadi 30, na mtaa mmoja unaweza kukatwa na mbili.

Ua wa jirani ni jambo jingine kabisa. Kama kiwanja kimesajiliwa, usikimbilie mahakamani: Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inaizuia mahakama kusikiliza mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla msajili wa ardhi hajauamua. Mwandikie msajili, ambatisha nakala ya hati, naye atakuja na mpimaji pamoja na nyote wawili. Wakati mnasubiri, msiguse jiwe la mpaka hata kama mnaona limekaa vibaya, kwa maana kuling'oa ni kosa la jinai.